Chupa Tupu na Pumzi za Wanafunzi Wetu

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na dawa mkononi na bado akakosa pumzi. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha darasa la sita, msichana mmoja alishikwa na pumu katikati ya kipindi cha Hesabu. Mkebe wa dawa, ule tuuitao inhela, alikuwa nao. Aliubonyeza mara tatu mfululizo, akakohoa, na ukungu mweupe tukauona ukimtoka kinywani. Tulimkimbiza zahanati kwa gari la mwalimu mwenzangu. Alipata nafuu, lakini maneno ya tabibu aliyempokea yananikera hadi leo: dawa ilikuwepo, ila haikufika.

Sababu yenyewe ni ya kifizikia. Dawa hutoka mkebeni kwa kasi kubwa, na mtoto hana budi kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati uo huo. Akikosea kidogo tu, matone hugonga ulimi na koo yakakwama hapo. Inhela za aina hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1956, baada ya msichana wa miaka 13 kumuuliza babake, Dkt. George Maison, kwa nini dawa ya pumu isitiwe katika mkebe wa kunyunyiza kama ile ya nywele. Ajabu ni kwamba kifaa kilichozaliwa na swali la mtoto ndicho kinachowatatiza watoto.

Ufumbuzi upo. Ni chombo chenye uwazi ndani, kiitwacho spesa, ambacho huwekwa kati ya mkebe na kinywa. Humo dawa hupunguza kasi, matone makubwa hubaki kwenye kuta, naye mtoto huvuta polepole, pumzi tano au sita kwa kila mbonyezo. Tatizo ni bei, kwani wazazi wengi waliojinyima kununua dawa hawawezi kuongeza gharama ya chombo.

Mwaka wa 1999, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Dkt. Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini. Walichukua watoto 88 wa umri wa miaka 5 hadi 13 walioshikwa na pumu, wakalinganisha spesa ya kiwandani na chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako ili inhela ipenye. Kwa watoto waliozidiwa, chupa iliyozibwa kwa gundi pale inhela ilipoingilia ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Ile isiyozibwa ilipungukiwa, na kikombe cha plastiki nyepesi kikawa cha mwisho. Tofauti ya chupa hizo mbili ilikuwa gundi tu!

Je, ni shule ngapi zina chupa hiyo ofisini? Nimetembelea nyingi na sijaiona hata moja. Nyingine huifungia hata inhela yenyewe katika kabati la naibu wa mwalimu mkuu, ambaye siku ya dharura huwa yumo mkutanini.

Kazi hii ingefaa sana katika somo la Sayansi. Waya hupindwa kwa umbo la mdomo wa inhela, hupashwa moto na mwalimu mwenyewe, kisha hukandamizwa kwenye kitako cha chupa safi ya maji (si ya mafuta taa, tafadhali). Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke bila kupanguswa, kwa maana plastiki iliyosuguliwa hubeba umeme tuli, ule unaovuta vipande vya karatasi kwenye kalamu, nao huinasa dawa. Wanafunzi wataielewa mada hiyo upesi kuliko kwa kusoma kitabuni.

Sisemi kwamba mwalimu awe daktari. Kipimo cha dawa ni cha tabibu, na watoto wadogo sana huhitaji kifuniko cha uso. Ninachoomba ni kwamba maafisa wa afya wanaozuru shule zetu waje na waya na gundi, wakae nasi saa moja, watuonyeshe.