Mhusika wa Mwenzio Si Mali ya Bwerere

Wapo wanaodai kwamba sura ya mhusika wa katuni, ikishajulikana dunia nzima, imekuwa mali ya kila mtu. Kwa madai hayo, fundi wa Singida mjini, Kiomboi au Manyoni ana ruhusa ya kuichapa kwenye fulana au nguo za ndani, kuigeuza ya matusi ili iwavutie wateja watu wazima, kisha kuiuza bila kuulizwa. Madai hayo ni ya hatari, na hapana budi yapingwe.

Mwaka 1971 kikundi cha wachoraji wa San Francisco, Marekani, kilitoa vijitabu vilivyomwonyesha Mickey Mouse katika mambo ya watu wazima. Kilijitetea kwamba hiyo ilikuwa dhihaka tu. Mwaka 1978 mahakama ya rufani iliukataa utetezi huo, kwa kuwa sura zilinakiliwa kupita kiasi kilichohitajika katika dhihaka.

Asidhani mtu kwamba Singida iko mbali mno na mkono wa sheria. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na kazi za wageni kutoka nchi wanachama zinalindwa humu nchini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mbunifu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 hulinda jina na nembo iliyosajiliwa nchini. Bidhaa ikiwa chafu, Kanuni ya Adhabu nayo ina neno lake. Fulana moja yaweza kumfikisha fundi mbele ya sheria tatu.

Watetezi wa unakili watauliza: je, sheria hizi si fimbo ya matajiri? Kampuni ya Disney haikulisajili neno la Kiswahili, "Hakuna Matata", kuwa alama yake ya mavazi huko Marekani mwaka 2003? Ni kweli, na mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kulipinga jambo hilo. Hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini dawa ya kuporwa si kupora. Anayelia kwamba neno lake limechukuliwa, huku akichuma kwa sura ya mwenzake, anajivunjia hoja mwenyewe.

Christian Gregory alimchora Chakubanga katika kurasa za Uhuru, na wasomaji wakamjua bila kuazima sura ya mgeni. Fundi wa Singida naye anaweza kubuni mhusika wake, kumwandikisha Ofisi ya Hakimiliki, na kusajili alama yake BRELA.

Ni wajibu wa maafisa biashara, maafisa utamaduni na walimu kumweleza hayo mapema, kabla hajatia mtaji wake wote katika vitambaa na rangi. Kumwacha anakili kwa kumwonea huruma ni kumwandalia hasara.