Westville, Durban: Hifadhi ya Kijani, Mto Mchafu

Wengi wetu tukisikia Durban huwakumbuka Wazanzibari wa Chatsworth, kizazi cha watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa huko kuanzia mwaka 1873, ingawa wengi wao asili yao ni Wamakua. Leo tutazame upande mwengine wa mji huo: Westville, kitongoji cha watu wenye uwezo, kiasi cha kilomita 10 magharibi ya katikati ya mji. Hapo unapita mto mdogo uitwao Palmiet, ndani ya hifadhi ya hekta 90 hivi yenye jina hilohilo.

Mtu akiitazama ramani atasema mto huu una bahati, kwani umezungukwa na msitu na majabali. Lakini kwa miaka mingi wakaazi wamekuwa wakilalamikia povu, rangi za ajabu na harufu ya kinyesi majini. Vipi mto upite kwenye hifadhi na utoke mchafu?

Jibu limo katika mpangilio wa ardhi. Kabla ya kufika Westville, Palmiet hupokea maji ya Pinetown na New Germany, maeneo ya viwanda, mabati na lami. Mvua ikinyesha huko haizami ardhini. Huingia mitaroni moja kwa moja na mafuta ya magari, taka za viwandani, na majitaka yanayofurika kwenye mashimo ya mabomba yaliyoziba. Westville nayo huongeza ya kwake kutoka kwenye mapaa na nyua zilizosakafiwa.

Ardhi oevu husafisha maji kwa kuyachelewesha tu. Tope hutuama, jua huua vijidudu, na bakteria waishio kwenye mizizi ya matete hula naitrojeni. Kazi hiyo inataka muda, pengine siku kadhaa. Hifadhi ya Palmiet ni bonde lenye miamba, na mafuriko hulipita kwa kasi. Hata jina la mto ni la mmea wa majini wenye mashina mazito ambao, ukiachwa uote, huvunja kasi ya maji. Kwa maoni yangu, vidimbwi kumi vya matete kwenye mitaro ya Pinetown vingeufaa mto huu kuliko kuiongezea hifadhi hekta kumi.

Omani inao mfano wake. Kule Nimr, jangwani, maji yanayotoka visimani pamoja na mafuta, zaidi ya mita za ujazo 100,000 kwa siku, hupitishwa polepole kwenye mashamba makubwa ya matete. Hapana maajabu hapo. Maji yamepewa nafasi na muda, na matete yamewekwa pale maji yanapotokea.

Anayelipa gharama ya Palmiet si mkaazi wa Westville. Chini kabisa, karibu na mto unapoungana na Mngeni, pana mtaa wa vibanda wa Quarry Road West, ukingoni mwa maji. Mafuriko ya Aprili 2019 na ya Aprili 2022 yalizoa nyumba nyingi hapo. Yale ya 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal. Yaliharibu pia mitambo ya majitaka ya Durban, na fukwe zake zikafungwa kwa miezi kwa sababu ya vijidudu vya kinyesi. Watu wa Quarry Road West walikuwa na kundi la WhatsApp pamoja na maofisa wa mji na watafiti wa chuo kikuu, na tahadhari zilizopitia humo ziliwawahisha kuhama. Maji ya pale, hata siku za kiangazi, si ya kumwogesha mtoto.

Kwa wenye nyumba au jamaa Dar es Salaam, habari hii si ya mbali. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa bonde la Msimbazi, na mpango ni kuwahamisha watu wa Jangwani na kuifanya sehemu ya bonde kuwa bustani. Bustani hiyo itakuwa chini, kama Quarry Road. Juu yake iko Vingunguti, na machinjio yake na mabwawa yake ya majitaka, na juu zaidi Gongo la Mboto, ambako nyumba zinaongezeka kila mwaka na mitaro yote inaelekea Msimbazi.