Wafungwa Jukwaani, Nani Ukumbini?

Filamu ya Sing Sing, iliyofika katika majumba ya sinema mwaka 2024, imechukua jina la gereza la New York ambako wafungwa huandaa michezo ya kuigiza chini ya mpango ulioanza mwaka 1996. Nyota wake ni Colman Domingo, lakini wengi wanaomzunguka wamewahi kufungwa, na Clarence Maclin anaigiza maisha yake mwenyewe. Mchezo wanaoufanyia mazoezi ni kichekesho cha ajabu: Misri ya kale, magladieta na Hamlet, wote jukwaa moja. Ukiitazama ukiwa Eldoret, unajiuliza mbona gereza letu lisijaribu tamthilia ya nyimbo. Chuo Kikuu cha Moi, pale Kesses, kinafundisha sanaa za maonyesho na filamu. Waimbaji nao hawajawahi kukosekana Uasin Gishu.

Mimi nataka lijaribu. Ila hoja zinazotolewa mara nyingi, za kupinga na hata za kutetea, naziona nyepesi.

Wanaopinga huanza na usalama. Ni kweli, katikati ya miaka ya 1980 wafungwa wa Uswidi waliokuwa wakiigiza Waiting for Godot walichomoka kabla ya onyesho mjini Göteborg, kisa kilichozaa filamu ya Kifaransa Un triomphe (2020). Waingereza nao wana Lucky Break (2001), ambamo tamthilia ya nyimbo ni kisingizio tu cha kutoroka. Lakini wafungwa watatu wa ugaidi waliotoweka gereza la Kamiti Novemba 2021, hadi kamishna mkuu wa magereza akapoteza kazi, hawakuhitaji wimbo wala vazi la maigizo.

Watetezi hukimbilia takwimu: walioigiza hawarudi jela sana. Huenda. Lakini anayejiandikisha kwa hiari, akavumilia miezi ya mazoezi na makaripio ya mwelekezi, pengine alishaamua kubadilika zamani. Ni vigumu kujua sifa zimwendee yeye au ziende kwa jukwaa.

Ugumu wenyewe uko Lang'ata. Mwaka 2016 gereza la wanawake la huko liliandaa shindano la urembo, na taji likamwendea msichana aliyeshtakiwa kumuua mpenzi wake kwa kisu. Alikuwa mahabusu, kesi ilikuwa bado inaendelea. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ikamhukumu kifo, na habari hiyo ikasambaa pamoja na picha ya taji na tabasamu. Fikiria familia ya marehemu ikiiona. Fikiria pia mshtakiwa: umma ulimhukumu mara ya pili, safari hii kwa kosa la kutabasamu. Sioni ubaya wa wanawake walio gerezani kupambwa kwa siku moja. Ubaya ni kumweka mahabusu mbele ya kamera kabla jaji hajasema neno. Kwa hiyo mahabusu wa Eldoret waimbe na wafanye mazoezi na wenzao, lakini nyuso zao zisitoke nje ya ukuta.

Na Eldoret suala la familia za waathiriwa ni zito zaidi. Mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi Septemba 2024 baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa na aliyekuwa mpenzi wake. Agnes Tirop aliuawa Iten, Oktoba 2021. Tumepewa hadhi ya jiji, Agosti 2024, lakini bado tunajuana; aliyeketi safu ya tatu huenda ni shangazi ya mtu aliyeuawa na mwimbaji wa mbele. Sisemi familia za waathiriwa zipewe turufu ya kuzima onyesho. Nasema zijulishwe mapema, ana kwa ana, zisije zikalisikia redioni.

Halafu, hadithi inayoimbwa ni ya nani? Magereza yetu yametoa fasihi bila kukusudia. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969, kifungo cha miaka 3, kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi?, akaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilichapishwa 1973, kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. (Mtunzi wa tamthilia angeleta kejeli hiyo, tungemwambia amezidisha chumvi.) Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikamatwa mwisho wa 1977, baada ya Ngaahika Ndeenda, mchezo wenye nyimbo tele ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kupigwa marufuku.

Hao walipokuwa gerezani waliandika kwa kujificha. Mpango rasmi utakuwa na afisa wa kupitia mswada. Aprili 2025, mjini Nakuru, polisi walifyatua vitoamachozi kwenye tamasha la drama la kitaifa kwa sababu ya Echoes of War ya wasichana wa Butere, ingawa mahakama ilikuwa imeruhusu iigizwe. Ikiwa mwanafunzi mwenye agizo la mahakama hutendewa hivyo, ni mfungwa gani atatunga wimbo kuhusu msongamano wa seli? Nyimbo zote zikiishia kwa toba na shukrani kwa mkuu wa gereza, tutakuwa tumelipia tiketi kutazama tangazo.

Jambo ambalo ningeiga kwanza kutoka Sing Sing ni malipo: Domingo na wenzake, hata wasaidizi, walilipwa kiwango kimoja na wakapewa sehemu ya mapato ya filamu. Eldoret ianze na usiku mmoja ndani, kwa wafungwa wenzao na jamaa zao, bila kamera. Umma uje baadaye, kwa tiketi, na mgao wa waigizaji uandikwe kwenye mkataba kabla ya mazoezi kuanza, pamoja na jina la atakayemiliki mswada mtunzi wake akimaliza kifungo.