Mafaili ya ofisi yakwama mpakani

Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Dar es Salaam, Nairobi, Kampala hadi Kigali. Kwa kampuni ambayo mhasibu hufanyia kazi nyumbani na mafaili yote yako kwenye seva za Ulaya, siku kama hiyo mishahara hailipwi, hata kama nakala ziko salama huko ziliko.

Dawa ni kuweka nakala nyingine karibu: moja ofisini, moja nchi jirani, ili moto au mafuriko yasizichukue zote. Kampuni ya Kigali ingeweza kutumia Nairobi. Lakini sheria ya Rwanda ya 2021 inataka taarifa binafsi zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa kibali. Kenya na Uganda zina sheria zao za 2019, Tanzania ya 2022, kila moja na masharti yake. Soko la Pamoja la mwaka 2010 lilitaja bidhaa, watu, huduma na mitaji, data haikutajwa.

Benki kubwa ina wanasheria wa kufuatilia vibali hivyo. Kampuni ndogo hubaki na diski moja, tena kwenye droo ya bosi.