Risasi Ile Ilimpata Mtoto wa Nani?

Hapa Ilongero, ukiitaja Machine Gun Preacher kwenye kibanda umiza utasikia sifa tu: jamaa noma, kaokoa watoto! Mie nasema filamu hii inatudanganya, tena panapouma.

Kwa ambao hamjaiona: ni ya mwaka 2011, imeongozwa na Marc Forster. Gerard Butler anaigiza maisha ya Sam Childers, Mmarekani wa Pennsylvania, mtu wa dawa za kulevya na mapikipiki aliyeokoka, akajenga kituo cha yatima Nimule, Sudan Kusini, kisha akashika bunduki kupambana na waasi wa LRA wa Joseph Kony. Kituo kilijengwa kweli, na mtoto kupata pa kulala si jambo dogo. Hilo simnyimi.

Ugomvi wangu ni swali la mwishoni. Childers mwenyewe anatokea na kutuuliza: mwanao akitekwa, nami nikakuahidi kumrudisha, utajali nimemrudishaje? Nani atasema atajali?

Basi yupo mama aliyewekewa mtego wa namna hiyo. Oktoba 1996 LRA waliteka wasichana 139 wa shule ya St. Mary's, Aboke, kaskazini mwa Uganda. Sista Rachele Fassera, makamu mkuu wa shule, aliwafuata porini na mwalimu mmoja, bila silaha, akarudi na 109. Waliobaki 30, akiwemo binti wa Angelina Atyam. Mama huyu na wazazi wenzake wakaunda chama, wakapaza sauti. Waasi wakamletea ujumbe: nyamaza, tukupe wako. Akakataa. Alitaka watoto wote. Binti yake alitoroka 2004, karibu miaka 8 baadaye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alijali sana namna ya kumrudisha.

Kwa nini? Kwa sababu wapiganaji wengi wa LRA walikuwa wenyewe watoto waliotekwa. Dominic Ongwen alikamatwa akienda shule, akakulia porini hadi kuwa kamanda, na 2021 mahakama ya ICC ikamfunga miaka 25. Sasa niambieni, anayeanguka kwa risasi za Butler ni mtoto wa nani? Filamu haina habari. Inatuonesha vivuli vinadondoka, tunapiga makofi.

Mtasema, wakati mwingine lazima mtu apige. Sawa. Lakini anayepiga ajue anampiga nani, na anayetengeneza filamu atuoneshe sura yake. Wazazi na viongozi wa dini wa Waacholi waliijua, ndiyo maana walipigania sheria ya msamaha ya mwaka 2000, ili anayeacha bunduki arudi nyumbani. Katika juhudi hizo hakuna gari linalolipuka, ndiyo maana Butler hakuitwa kuziigiza. Ila kama mnatafuta mwokoaji wa kumpigia makofi, anzeni na yule mama.