Kuhesabu Wagonjwa na Kuwasikiliza



Kila tunaporudi kutoka kuwatembelea wagonjwa hospitalini, tunaandika ripoti: tumewaona wangapi, wangapi wameomba Sakramenti. Hivi karibuni ripoti yetu ilikuwa na idadi nzuri. Lakini muuguzi mmoja akatuuliza, "Yule mama wa kitanda cha dirishani aliwaambia nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumemhesabu tu.

Wauguzi wanalijua vizuri tatizo hili, kwa sababu katika masomo yao hufundishwa njia mbili za utafiti. Utafiti wa kitakwimu hupima na kuhesabu: wangapi wanaumwa, wangapi wamepona, dawa imesaidia kwa kiasi gani. Utafiti wa kimaelezo hufanya mahojiano na kukaa na watu ili kujua kwa nini mgonjwa anaacha dawa, au anaishije na ugonjwa wake. Wapo wanaoamini kwamba ya kwanza pekee ndiyo sayansi. Sisi wa falsafa na teolojia mara nyingi huegemea ya pili, tukidhani kwamba namba zinamfanya mtu kuwa kitu. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zinakosea.

Hesabu huokoa maisha. Florence Nightingale alipofika Scutari mwaka 1854 kuwauguza askari wa Uingereza, alikuta wengi wakifa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Huruma peke yake isingewashawishi wakubwa wa jeshi. Alikusanya takwimu, na mwaka 1858 akazionyesha kwa michoro, akidai usafi na hewa safi kwa askari.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cicely Saunders, muuguzi aliyekuja kuwa daktari, alifanya kazi tangu mwaka 1958 katika nyumba ya wagonjwa mahututi ya St Joseph's, London, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki. Aliweka kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000, na papo hapo aliwasikiliza wakieleza hali zao kwa maneno yao wenyewe. Ndipo alipofundisha kwamba maumivu si ya mwili tu. Yamo pia ya moyo, ya familia na ya roho. Mgonjwa akisema maumivu yake ni 8 kati ya 10, namba hiyo inamsaidia muuguzi kujua kama dawa imefanya kazi. Haimwambii kwamba mgonjwa anahofia watoto anaowaacha.

Kila njia ina mipaka yake. Maelezo ya watu 12 hayawezi kusemea wilaya nzima, na takwimu za wilaya nzima haziwezi kumsemea mama mmoja. Kwa hiyo swali ndilo lichague njia, si mazoea ya mtafiti.

Mchungaji wa kondoo 100 alijua mmoja amepotea kwa sababu aliwahesabu. Lakini hakuishia kwenye hesabu, alikwenda kumtafuta.

Ndugu waseminari, na ninyi waamini mnaotembelea wagonjwa katika jumuiya ndogondogo, tuendelee kuandika idadi. Ila tuongeze mstari mmoja katika ripoti zetu: mgonjwa alisema nini? Mstari huo ukibaki mtupu, turudi wodini.