Paka Wako Si Mkaidi, Mkojo Umeziba

Wacha niseme hii hata kama mtaninunia. Ukiona paka dume anaingia kwa mchanga wake kila dakika, anachuchumaa, analia, na hakuna kitu kinatoka, usiniulize ati atumie dawa gani ya kienyeji. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo. Si kesho, si mshahara ukiingia.

Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana. Vijiwe vidogo kama chembe za chumvi vikichanganyika na ute, vinauziba. Kibofu kinajaa kinakuwa kigumu, figo zinalemewa, potasiamu inapanda kwa damu, moyo unasimama. Siku moja, mbili, kwisha. Halafu mnaniambia paka ana roho saba.

Wangu alikojoa kwa kochi, nikamchapa. Lilikuwa tone tu, lenye damu. Nikamfungia nje usiku kucha ati ashike adabu. Asubuhi hata kusimama hakuweza. Daktari alimpitishia mpira wa mkojo, akapona. Bahati tu, bana, si akili yangu.

Na wewe unayempa Panadol, hiyo kwa paka ni sumu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

"Lakini daktari ni ghali." Sawa. Na maji je? Paka kwa asili hanywi maji mengi, na wewe unamlisha chakula kikavu cha pakiti mwaka mzima, bakuli la maji limekauka. Pesa ya kumnunulia kola ya kung'aa apigwe picha za TikTok ilitoka wapi?